Lini Uondoe Kifurushi cha Zamani Kwenye Ghala la Programu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanaosimamia ghala la programu, yaani seva ambako mashine hupakua vifurushi, huniuliza maswali yale yale. "Diski ya seva imejaa, nifute nini?" "Kifurushi hiki hakijaguswa tangu 2017, nikiondoe?" "Nikikifuta ghalani, kitatoka na kwenye mashine za watumiaji?" Nimeyajibu mara nyingi kwa ujumbe mfupi, na kila mara jibu fupi huacha nje lile hasa linaloumiza watu. Safari hii nayajibu kwa urefu wake.

Nianze na swali la tatu, kwa sababu ukilikosea hilo yote yanayofuata yataharibika. Jibu ni hapana. Ukiondoa kifurushi ghalani, kile kilichokwisha kusakinishwa kinabaki kwenye mashine kama kilivyo. Kinachokatika ni njia ya kukipelekea viraka (marekebisho ya hitilafu na ya usalama). Mashine itaendelea kukitumia mwaka hadi mwaka, na `apt upgrade`, amri ya kusasisha vifurushi, haitalalamika hata siku moja. Ndiyo maana umri peke yake hautoshi kuwa sababu ya kuondoa kitu. Jiulize mambo mawili: nani bado anakitegemea, na nani bado anakitunza?

Mwongozo huu ni wa ghala unalolisimamia mwenyewe, la `.deb` (vifurushi vya Debian na Ubuntu, vinavyosakinishwa kwa apt; ghala huendeshwa kwa aptly au reprepro) au la `.rpm` (vya Fedora na CentOS, vinavyosakinishwa kwa dnf; ghala hutengenezwa kwa createrepo_c). Maghala ya umma ya lugha za programu, kama npm na PyPI, yana kanuni zake. Nitayagusa panapohusika tu.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya kuandika kwenye ghala, pamoja na ufunguo wa kutia sahihi faharasa (orodha ya vifurushi ambayo mashine huisoma). Usianze kazi hii kama ufunguo anao mtu aliye likizo.
- Bekapu ya ghala zima, iliyo nje ya seva hiyo hiyo.
- Logi (kumbukumbu za maombi) za seva ya wavuti inayotoa vifurushi, za angalau siku 90. Kwenye Debian, mpangilio wa kawaida wa nginx (programu ya seva ya wavuti) hubakiza logi za siku 14 tu. Kama ndivyo ilivyo kwako, ongeza muda huo leo na urudi kwenye mwongozo huu baada ya miezi mitatu. Sitanii: bila logi utakuwa unakisia.
- Orodha ya mifumo mnayoihudumia na tarehe ambayo kila mmoja unafikia mwisho wa huduma.
- Mashine tupu ya majaribio, halisi au ya mtandaoni, ambayo unaweza kuifuta na kuianzisha upya.
- Njia ya kuwafikia watumiaji wote, iwe barua pepe au ukurasa wa matangazo.

## Hatua ya 1: Tenganisha toleo la zamani na kifurushi kilichokufa

Watu huchanganya mambo haya mawili, na kila moja lina dawa yake.

Toleo la zamani ni `libmfano 1.4` wakati `libmfano 1.6` ipo humo humo ghalani. Kifurushi kiko hai, umerundika tu nakala zake za nyuma. Hapa kazi ni ndogo: unaamua ubakize nakala ngapi, basi.

Kifurushi kilichokufa ni kile ambacho hata toleo lake jipya kabisa halina tena mtu wa kulirekebisha. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na hatua nyingi zinazofuata zinahusu hiki.

## Hatua ya 2: Orodhesha kilichopo

Kwa aptly (`kuu` ni jina la ghala; weka la kwako):

`aptly repo show -with-packages kuu`

Kwa reprepro:

`reprepro list bookworm` (bookworm ni jina la Debian 12)

Kwa rpm, amri hii inakutajia nakala zilizozidi mbili za mwisho za kila kifurushi:

`dnf repomanage --old --keep=2 /srv/ghala`

Weka orodha kwenye jedwali lenye safu nne: jina, toleo, mwenye kukitunza, sababu ya kuwepo. Safu ya nne ndiyo itakayokusumbua. Ukikuta vifurushi kumi ambavyo hakuna anayejua viliingiaje, usivifute bado. Viwekee alama, uvichunguze kwanza.

Onyo kuhusu mpangilio wa matoleo. Usipange matoleo kwa alfabeti. Niliwahi kuandika skripti ya kubakiza toleo moja la mwisho na kufuta mengine. Ilitumia `sort` ya kawaida, na kwa alfabeti 1.9 inakuja baada ya 1.10 na 1.11. Skripti ikabakiza 1.9, ikafuta zile mbili, na kiraka cha usalama kilikuwa ndani ya 1.11. Mashine zilizowekwa siku mbili zilizofuata zote zilipokea programu yenye tundu, na nilizifuata moja baada ya nyingine kuzirekebisha. Tumia `sort -V` kwa kuangalia haraka, lakini kwa uamuzi wa kufuta iulize programu yenyewe:

`dpkg --compare-versions 1.11 gt 1.9 && echo kweli`

Kumbuka pia kwamba `2.0~rc1` ni ndogo kuliko `2.0`, na kwamba `1:0.9` ni kubwa kuliko `2.0` kwa sababu ya ile namba iliyo kabla ya nukta mbili. Macho ya mtu hudanganyika hapo kila mara.

## Hatua ya 3: Pima kama bado kinatunzwa

Nenda kwenye chanzo cha programu, yaani mradi unaoitengeneza, utafute tarehe rasmi ya mwisho wa huduma. Python 2 ilifikia mwisho tarehe 1 Januari 2020. OpenSSL 1.1.1 ilifikia mwisho wa huduma ya umma tarehe 11 Septemba 2023. Tarehe kama hizo ni ushahidi mzito, ila hazimalizi swali, kwa sababu mbili.

Ya kwanza: chanzo kikiacha, msambazaji anaweza kuendelea. OpenSSL 1.1.1 ndiyo iliyokuja na Debian 11 na Ubuntu 20.04, na wasambazaji hao waliendelea kuitilia viraka wenyewe baada ya chanzo kuacha. Kama kifurushi chako kinatoka huko, angalia kalenda ya msambazaji.

Ya pili: kuondoa kitu kikubwa huchukua muda hata kwa wazoefu. Debian haikuitupa Python 2 asubuhi ya siku ilipokufa. Debian 11, iliyotoka Agosti 2021, bado iliibeba, na ni Debian 12 ya Juni 2023 iliyotoka bila hiyo. Miaka hiyo yote ilitumika kuhamisha au kuondoa programu zilizoitegemea, moja baada ya nyingine.

Kwa kifurushi kisicho na tarehe rasmi, angalia mambo matatu: je, kina tundu la usalama linalojulikana na halijazibwa? Je, bado kinajengeka kwa zana za leo? Kuna mtu anayejibu taarifa za hitilafu? Ukipata "tundu lipo", "hakijengeki" na "hakuna", hicho kimekufa.

Onyo: kimya si kifo. Kuna maktaba ndogo zilizokamilika, zinazofanya jambo moja, hazina tundu linalojulikana na zinajengeka bila shida. Kuiondoa moja ya hizo kwa sababu tu haijabadilika miaka sita ni kuwatafutia watu kazi ya bure.

## Hatua ya 4: Tafuta vinavyokitegemea

Kwenye mashine inayotumia ghala lako:

`apt-cache rdepends libmfano`

`dnf repoquery --whatrequires libmfano`

Kisha fanya kile ambacho wengi hukisahau: tafuta vifurushi vinavyokihitaji wakati wa kujengwa pekee. Hivyo havionekani kwenye orodha ya juu. Kwa deb, chukua faili ya `Sources` ya ghala lako uiulize:

`grep-dctrl -F Build-Depends -s Package libmfano Sources`

Ukiruka hapa, siku ya kuondoa mambo yatakuwa shwari, na siku ya kwanza utakapohitaji kujenga upya programu nyingine ili kuziba tundu la dharura, itakataa kujengeka. Hakuna siku mbaya zaidi ya kugundua jambo hilo.

Ukubwa wa kifurushi usikudanganye. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm kifurushi kiitwacho `left-pad`, chenye mistari michache tu ya kujaza nafasi mwanzoni mwa maneno. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengeka siku hiyo hiyo, kwa kuwa ilikitegemea kupitia vifurushi vingine bila wenyewe kujua. Baada ya hapo npm walibana kanuni za kuondoa. Sasa kilichopita saa 72 tangu kuchapishwa hakiondolewi na mwenyewe mpaka kitimize masharti, mojawapo likiwa kwamba kisiwe kinategemewa na kifurushi kingine cha umma.

## Hatua ya 5: Soma logi

Ghala halijui programu ambazo hazimo ndani yake. Skripti ya mtu, seva ya kujengea, mashine iliyofungiwa toleo moja: hizo utaziona kwenye logi tu.

`zgrep 'libmfano_1.4' /var/log/nginx/access.log* | grep 'APT-HTTP'`

Ile `APT-HTTP` inachuja roboti na vivinjari, ubaki na apt halisi. Kwa dnf tafuta `libdnf`.

Usihesabu tu, tazama mtindo. Kuna kifurushi nilichokuwa na uhakika nacho kabisa: toleo la zamani, hakuna tegemezi, na upakuaji wa siku 90 ulikuwa mara 13 tu. Nilikuwa nimeshaandika amri ya kukiondoa. Nikatazama tarehe. Zote zilikuwa Jumatatu, saa tisa na dakika kumi usiku, kutoka anwani moja. Hakuna binadamu anayepakua kitu namna hiyo. Ilikuwa seva ya kujengea iliyoanzisha upya picha yake ya mfumo (image) kila wiki ikiwa imefungiwa toleo lile lile, na wenye seva hawakukumbuka kwamba mstari huo upo. Kama ningeishia kwenye namba 13, ningewavunjia kazi.

Mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, anwani moja inaweza kuwa proksi yenye kashe (seva ya kati inayohifadhi nakala) inayohudumia mashine mia mbili, hivyo upakuaji mmoja unaweza kumaanisha watumiaji mia mbili. Pili, kioo (seva inayonakili ghala zima) hupakua kila kitu, kwa hiyo hakithibitishi kwamba kuna anayekihitaji. Zijue anwani za proksi na vioo vyako kabla hujasoma namba yoyote.

## Hatua ya 6: Amua

Hivi ndivyo ninavyoamua mimi.

Kama kifurushi kina msimbo wa hila, au huna haki ya kukisambaza, kiondoe leo hii na utangaze baadaye. Hiyo ndiyo hali pekee ya kuruka taratibu.

Kama ni toleo la zamani la kifurushi kilicho hai, bakiza la sasa na mawili ya nyuma, mengine yaende kwenye hifadhi. Mawili ya nyuma si anasa. Toleo jipya likiharibu kitu usiku wa manane, mtu lazima apate pa kurudi.

Kama kimekufa na hakuna anayekitumia, tangaza, subiri, ondoa.

Kama kimekufa na kuna wanaokitumia, kazi yako ya kwanza ni kuwapa pa kuhamia. Tafuta mbadala na utengeneze njia: kwa rpm weka `Obsoletes` kwenye kifurushi kipya, kwa deb weka `Breaks` na `Replaces` pamoja na kifurushi kitupu cha mpito chenye jina la zamani. Mbadala usipopatikana na tundu ni kubwa, mwambie kila anayekitumia, kwa jina la mashine kama unalijua, kwamba anabaki na kitu kisicholindwa. Kuondoa kimya kimya hapa ndiko kubaya kuliko yote: ghala lako litaonekana safi, na hatari itabaki kwa watu ambao hawana habari.

Na kama kimekaa kimya lakini ni kizima? Kiache.

Kuhusu hifadhi: kuondoa hakulazimu kuangamiza. Debian huhamishia matoleo yaliyokwisha huduma kwenye archive.debian.org, na snapshot.debian.org hutunza vifurushi vilivyowahi kupita ghalani. CentOS walikuwa na vault.centos.org. Wewe unaweza kuwa na saraka nyingine yenye anwani tofauti, ambayo mtu huiongeza kwa hiari na kwa kujua anachofanya.

Tazama pia leseni. Usifute msimbo chanzo wa programu ya GPL (leseni ya programu huria) huku faili yake iliyojengwa bado unaisambaza. Na kama uliisambaza kwa ahadi ya maandishi ya kutoa chanzo, GPL toleo la 2 inataka ahadi hiyo iwe hai kwa angalau miaka mitatu.

## Hatua ya 7: Tangaza kwa tarehe

Tangazo liwe na jina la kifurushi, matoleo yanayohusika, sababu, mbadala na tarehe kamili. "Hivi karibuni" haimsaidii mtu kupanga kazi yake.

Muda gani? Katika mifumo mingine ya Linux, Gentoo hufungia kifurushi kwa kawaida siku 30 kabla ya kukiondoa, na Fedora hustaafisha kifurushi kilichokaa wiki sita bila mtunzaji. Mimi natoa siku 60 na siendi chini yake, kwa sababu kuna kazi zinazoendeshwa mara moja kwa mwezi, na mwenye kazi hiyo anahitaji kuliona tatizo walau mara moja kabla ya siku yenyewe.

## Hatua ya 8: Toa kwenye faharasa, acha faili

Hii ndiyo hatua inayookoa watu. Kifurushi kikitoka kwenye faharasa, mashine mpya hazikioni tena. Faili yake ikiwa bado diskini, unaweza kukirudisha kwa dakika moja.

Kwa aptly, piga snapshoti (nakala ya hali ya ghala lilivyo sasa) kwanza, halafu jaribu bila kufuta:

`aptly snapshot create kabla-ya-kuondoa from repo kuu`

`aptly repo remove -dry-run kuu 'libmfano (<= 1.4)'`

Soma orodha inayotokea, mstari kwa mstari. Ikiwa sawa, rudia bila `-dry-run`, kisha `aptly publish update`. Kama umechapisha kutoka snapshoti, `update` haitabadilisha kitu: tengeneza snapshoti mpya na utumie `aptly publish switch`.

Kwa reprepro:

`reprepro --keepunreferencedfiles remove bookworm libmfano`

Bila chaguo hilo, reprepro hufuta faili papo hapo mara tu isiporejelewa na chochote.

Kwa rpm:

`createrepo_c --excludes 'libmfano-1.4*' /srv/ghala`

PyPI na crates.io (ghala la lugha ya Rust) zina utaratibu unaofanana na huu: toleo linawekewa alama ya kuvutwa, wapya hawapewi, lakini aliyekwisha kulifunga (kwa namba kamili kwenye PyPI, kwa faili ya `Cargo.lock` kwenye crates.io) bado analipata. Kama ghala lako ni la lugha ya programu na lina kitufe hicho, kitumie kabla ya kufikiria kufuta.

## Hatua ya 9: Jaribu, subiri, ndipo ufute

Kwenye mashine tupu, sakinisha vifurushi vyako vikuu kuanzia mwanzo. Kwenye mashine ya zamani, endesha `apt-get -s dist-upgrade` na usome kama inataka kuondoa kitu usichotarajia. Kwa rpm, `dnf repoclosure` itakuonyesha tegemezi zilizokatika. Kwa deb, `dose-debcheck` inafanya kazi hiyo.

Subiri siku 30 ukitazama logi. Ukiona maombi ya faili ile bado yanakuja, mtafute mwenye anwani uzungumze naye. Yakinyamaza, futa: kwa aptly ni `aptly db cleanup`, kwa reprepro ni `reprepro deleteunreferenced`.

## Mambo yakienda mrama

Watumiaji wanapata 404 (faili haipatikani) wakisakinisha. Wana faharasa ya zamani. `apt-get update` inatosha. Tatizo likirudi kila mara kwenye kontena, picha yake imejengwa huku `update` na `install` zikiwa kwenye tabaka mbili tofauti, na la kwanza limeganda kwenye kashe. Ziunganishwe kwenye mstari mmoja.

Nimefuta, lakini diski haijapungua. Kwa aptly, karibu kila mara ni snapshoti ya zamani inayoshikilia faili. `aptly snapshot list` itakuonyesha. Ondoa isiyohitajika kwa `aptly snapshot drop`, kisha `db cleanup` tena. Usiingie kwenye `pool` kufuta kwa `rm`: faharasa itaendelea kutaja faili isiyokuwepo.

"Hash Sum mismatch", yaani faili haikulingana na faharasa. Ama faharasa ilisomwa katikati ya kuchapishwa, ama proksi inatoa nakala ya zamani. Subiri kidogo na usafishe kashe ya proksi. Kama haiishi, uliza kama kuna mtu aliyepandisha faili tofauti kwa namba ile ile ya toleo. Hilo halifanywi kamwe; ongeza namba.

Kifurushi kimerudi chenyewe. Kuna kazi ya usiku inayonakili kutoka chanzo, au mfumo wa kujenga unaochapisha upya tawi la zamani. Zima kwenye chanzo cha kazi hiyo kwanza, ndipo uondoe tena.

Tegemezi zimevunjika na simu hazikomi. Rudisha kwanza, chunguza baadaye. Snapshoti ya hatua ya 8 uliipiga kwa ajili ya saa kama hii: `aptly publish switch` kwenda kwayo. Ukiwa umechapisha moja kwa moja kutoka ghala, rudisha kifurushi chenyewe ghalani. Amri `aptly repo add` pamoja na faili yenyewe inatosha, kisha `publish update`.

Nitajuaje mashine zilizobaki na kifurushi nilichokiondoa? Kwenye kila mashine endesha `apt list '?obsolete'`, au kwa dnf, `dnf list --extras`. Zinakutajia vilivyosakinishwa ambavyo havipo tena kwenye ghala lolote. Weka amri hiyo kwenye kazi ya kila wiki na matokeo yatumwe kwa mtu mwenye jina, atakayeifuata kila mashine mpaka orodha iwe tupu.